Kutafuta Kosa katika Maagizo ya Kompyuta

Mgeni akipanda milima ya Umatengo katika wilaya ya Mbinga, hushangaa kuona miteremko imejaa mashimo ya miraba, yamepangwa kama vyumba vya masega ya nyuki. Hayo ndiyo mashamba ya ngoro. Kwanza majani hukatwa na kuachwa yakauke. Kisha hulazwa kwa mistari inayokatana, hata ikafanya miraba. Halafu udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukiwa juu ya majani, na katika matuta hayo hupandwa maharagwe, na baadaye mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutulia katika mashimo wala hayachukui udongo bondeni. Na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea.

Basi fikiri, kazi hii ina utaratibu. Ukichimba kwanza, na kulaza majani baadaye, umepata mashimo, lakini majani yako yatakauka juu ya udongo na kupeperushwa na upepo. Mtu aliyeagizwa vibaya ataona mwenyewe ya kuwa jambo haliendi sawa. Atasimama, ataegemea jembe lake, na kuuliza, "Mama, una hakika ndivyo ulivyotaka?" Kompyuta haiulizi. Ukiiagiza kuchimba kabla ya kulaza majani, itachimba usiku kucha, mlima mzima, bila kuchoka na bila kuona haya.

Maagizo yanayoandikwa kwa ajili ya kompyuta huitwa programu, na hapana budi yaandikwe katika lugha ambayo mashine inaweza kuifuata. Lugha hizo ni nyingi. Moja inayopendwa sana na wanaoanza ni Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi mmoja, Guido van Rossum. Jina hilo kwa Kiingereza ni jina la chatu, lakini mwenyewe hakufikiri nyoka: alilichukua kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Mtu aweza kujifunza lugha hii kwa kompyuta ya shule, au hata kwa simu.

Sasa tuseme mwanafunzi mmoja, binti wa mkulima wa kahawa, ataka kumsaidia baba yake kukadiria malipo ya chama cha ushirika. Bei, tuseme, ni shilingi 5,000 kwa kilo. Anaandika mistari mitatu:

kilo = input("Kilo ngapi? ")
bei = 5000
print(kilo * bei)

Mstari wa kwanza unaiambia mashine iulize kilo ngapi, na jibu iliweke chini ya jina kilo. Wa pili unaweka bei. Wa tatu unasema, zidisha kilo kwa bei, kisha andika jibu. Ile nyota ndiyo alama ya kuzidisha. Baba ana kilo 40. Binti anaandika 40, naye anangoja kuona 200,000. Badala yake kioo chajaa 4040404040404040, mstari chini ya mstari, mpaka zimetimia tarakimu 10,000.

Wengi wakifika hapa huzima mashine, na kusema ya kuwa kazi hii si ya watu wa kwao. Nami naona ni hasara kubwa, kwa sababu mashine haikuharibika hata kidogo. Imefanya sawasawa ilivyoambiwa. Katika Python, kila kinachoandikwa na mtu kwa kujibu swali la input hupokewa kama maandishi, si kama hesabu. Kwa mashine, ile 40 si arobaini, bali ni herufi mbili tu, 4 na 0, kama vile neno "ba". Na ukiiambia izidishe neno mara 5,000, italiandika neno hilo mara 5,000. Dawa yake ni neno dogo, int, linaloiambia mashine iyageuze maandishi hayo kuwa namba kamili:

kilo = int(input("Kilo ngapi? "))

Sasa jibu ni 200000.

Tena liko kosa jingine ambalo kila anayeanza hulipata, nalo ni kukosea jina. Umeliita bei katika mstari wa pili, na katika mstari wa tatu vidole vimeandika bie, au Bei kwa herufi kubwa. Wewe na mimi tungesamehe. Mashine husimama, na kuandika kwa Kiingereza ya kuwa jina hilo halijulikani, pamoja na namba ya mstari iliposimama. Python za tangu mwaka 2021 zina adabu zaidi, huuliza kama ulitaka kusema bei. Walakini watoto wengi wakiona maandishi yale hushtuka, wakayafuta upesi kabla ya kuyasoma, kama mtu achomaye barua kwa kuwa imeandikwa kwa wino mwekundu. Usifanye hivyo. Soma kwanza mstari wa mwisho, ndio unaotaja namna ya kosa. Kisha tazama namba ya mstari. Mara nyingine kosa lenyewe limo katika mstari wa juu yake, mathalani mabano yaliyofunguliwa yasifungwe.

Wenye kazi hii huliita kosa la programu kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mdudu. Jina hilo lilitumiwa na mafundi tangu zamani, lakini tarehe 9 Septemba 1947 lilipata kisa chake. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, ilikuwako mashine kubwa ya hesabu iliyoitwa Mark II. Siku hiyo ilikataa kufanya kazi vema, na mafundi walipochunguza ndani wakamkuta nondo, mdudu yule arukaye usiku kufuata taa, amenaswa katika swichi mojawapo. Wakamtoa, wakambandika katika daftari la kazi, wakaandika chini yake ya kuwa sasa mdudu wa kweli amepatikana. Grace Hopper, mwanamke mwenye elimu kubwa aliyekuwa katika kazi hiyo, alipenda kukisimulia kisa hiki katika maisha yake yote.

Mpaka hapa tumesema habari za makosa yanayojitangaza. Yako mengine yasiyosema neno, na hayo ndiyo ya kuogopwa.

Turudi kwa kahawa. Tuseme chama hukata shilingi 200 kwa kila kilo, kwa ajili ya usafiri na gharama nyingine. Binti anaongeza makato yake hivi:

bei = 5000
makato = 200
print(kilo * bei - makato)

Mashine yajibu 199800. Hapana malalamiko, hapana maandishi ya kosa, na jibu lafanana na kweli. Lakini si kweli. Mashine hufuata kanuni ile uliyofundishwa darasani: kuzidisha hutangulia kutoa. Kwa hiyo imezidisha kilo 40 kwa 5,000, ikapata 200,000, kisha ikatoa shilingi 200 mara moja tu, badala ya kuzitoa kwa kila kilo. Ilipasa kuandika:

print(kilo * (bei - makato))

Na jibu la haki ni 192000. Tofauti ni shilingi 7,800. Sasa mfikirie baba, ameiona ile karatasi, ameweka matumizi yake juu ya shilingi 199,800, naye siku ya malipo karani anamhesabia 192,000. Atasema nini? Atasema ameibiwa. Na kama programu ile imetumiwa kwa wakulima 300 wenye kilo 40 kila mmoja, basi ni shilingi 2,340,000 ambazo zimeahidiwa nazo hazipo, na karani mwaminifu anatazamwa na watu 300 kama mwizi.

Usidhani ya kuwa nakuza mambo. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1999, afisi za posta zilipewa programu ya hesabu iliyoitwa Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Programu ile ilikuwa na makosa. Ilionyesha ya kuwa fedha zimepungua katika afisi fulani, na kumbe hazikupungua. Wakubwa wa posta waliisadiki mashine kuliko watu. Kati ya mwaka 1999 na 2015 wasimamizi wa posta zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu; wengine walifungwa gerezani, wengine waliuza nyumba zao ili walipe fedha ambazo hawakuzichukua, na wengine walikufa kabla majina yao hayajasafishwa.

Na tazama jambo hili. Wengi wao wameeleza ya kuwa, walipopiga simu kuomba msaada, waliambiwa hapana mtu mwingine mwenye shida kama yako, ni wewe peke yako. Kila mmoja alibaki na aibu yake nyumbani. Mmoja wao, Alan Bates, aliyekuwa na posta katika mji wa Llandudno, hakukubali. Mwaka 2009 yeye na wenzake walikutana katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton, na kila mmoja alipoeleza yaliyompata, wakaona ya kuwa habari zao ni moja. Watu 555 walikwenda mahakamani pamoja, na mwezi wa Desemba mwaka 2019 jaji aliamua ya kuwa programu ile ilikuwa na makosa yawezayo kuleta upungufu ule. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta hukumu zile.

Hata kwetu mashine zimewahi kuleta fujo. Hesabu za Hazina zilipotiwa katika kompyuta, hasara ilikuwa kubwa hata mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini. Marufuku hiyo imekwisha zamani.

Basi kosa lisilosema hutafutwaje? Njia ya kwanza ni kuipa mashine hesabu ambayo jibu lake unalijua. Mpe kilo 1: jibu lapasa kuwa 4,800. Programu ya kwanza ya binti yule ingejibu 4,800, nayo ingeonekana ni nzuri. Mpe kilo 2: yapasa 9,600, nayo yajibu 9,800. Hapo imeshikwa. Kwa sababu hii kipimo kimoja hakitoshi. Jaribu pia sifuri: mkulima asiye na kahawa angetakiwa kupata sifuri, lakini programu ile yasema ana deni la shilingi 200!

Njia ya pili ni kugawa kazi katikati. Katika vijiji vingi vya milimani maji hutoka chemchemi ya juu na kushuka kwa bomba. Ikiwa kituo cha kijijini hakitoi maji, fundi mwenye busara hafukui bomba lote. Huenda kwanza katikati ya njia, akafungua kiungo. Akikuta maji yanapita, ajua ya kuwa upande wa juu ni mzima, na shida iko chini. Asipoyakuta, shida iko juu. Kisha hugawa tena upande ule wenye shida. Programu nayo ni hivyo. Tia neno print katikati, uiamuru mashine ikuonyeshe imepata nini mpaka hapo. Kama programu ina mistari 64, kugawa mara 6 kunakufikisha katika mstari mmoja: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mwenye kusoma mistari yote 64 tangu mwanzo kila mara huchoka, na macho yaliyochoka huona kile yalichotaka kuona.

Lakini huenda umegawa, umepima, na bado hujui. Hapo ndipo inapokupasa kuuliza.

Wamatengo wa zamani walikuwa na desturi iliyoitwa sengu. Watu wa jamaa moja walikutana na kula pamoja, na katika kula huko walizungumza habari za mashamba, za ugomvi, na za mwenendo wa vijana, na wazee wakatoa shauri. Mwenye shida hakuificha nyumbani mwake. Watu wa kijiji cha Kindimba, walipokuwa wakijenga kinu cha kusaga kwa nguvu za maji, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliiita kamati yao kwa jina hilohilo la sengu. Waandishi wa programu nao wana sengu yao, ila wanachama wake hawaonani kwa macho. Kwa njia ya intaneti mtoto wa Liuli au Mbamba Bay, aliyeketi ufukoni mwa Ziwa Nyasa na simu mkononi, aweza kuuliza jambo, akajibiwa na mtu wa Dodoma, au wa Nairobi, au wa Bara Hindi, ambaye hakupewa ujira wo wote. Na maswali hayo na majibu yake huhifadhiwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza, tafuta kwanza. Shida ya zile tarakimu 10,000 imeulizwa na kujibiwa mara nyingi sana.

Ajabu ni kwamba wengi hawajui kuuliza. Mtu huandika, "Programu yangu imekataa. Nisaidieni haraka." Nani ataweza kumjibu? Ni kama mgonjwa aendaye hospitali ya Litembo akamwambia mganga, "Naumwa," kisha akanyamaza. Mganga atataka kujua ni wapi, tangu lini, na umekula nini. Linganisha na swali hili:

"Habari zenu, ndugu. Mimi ni mwanafunzi, naanza kujifunza Python. Nataka kuzidisha kilo kwa bei. Nimeandika mistari mitatu, nayo ni hii hapa chini. Nikiandika kilo 40, nategemea kupata 200000, lakini napata 4040404040 isiyokwisha. Nimejaribu kubadili bei kuwa 2, nikapata 4040. Sielewi ni kwa nini. Naomba msaada."

Swali hili limesema alichotaka, alichoandika, alichotegemea, alichokipata, na alichojaribu mwenyewe. Na tazama lile jaribio la bei 2: kwa hilo muulizaji amefika karibu kabisa na jibu peke yake. Mara nyingi hutokea hivyo. Mtu huanza kuandika swali lake vizuri, na kabla hajalipeleka ameliona kosa. Kwa sababu hii wako mafundi ambao huweka mezani mwanasesere wa bata, wakamweleza bata huyo programu yao mstari kwa mstari. Bata hajui kitu, lakini msemaji hulazimika kupanga mawazo yake. Wewe waweza kumweleza mdogo wako, au mbuzi, ikiwa mbuzi atasimama.

Jibu likija, huenda likawa hivi: "Mdogo wangu, input hurudisha maandishi. Yageuze kwa int kwanza." Usilinakili tu na kukimbia. Uliza moyoni, maandishi ni nini na namba ni nini, na wapi tena katika programu yangu nimechanganya viwili hivi? Wengine watakujibu kwa ukali. Hao chukua neno lao la faida, uache ukali wao. Wengine watajibu kwa uhakika mwingi nao wamekosea, na kadhalika programu za siku hizi zinazojibu maswali kama binadamu. Kila jibu lipime kwa kilo 2 na kwa sifuri kabla ya kulisadiki. Wala usimpe mtu ye yote nywila yako, hata akisema bila hiyo hawezi kukusaidia. Na likishapatikana jibu, rudi uwaambie waliokusaidia ni lipi lililofaa, ili ajaye nyuma yako alikute.

Binti yule, tuseme, amesahihisha yote. Programu yake sasa yauliza kilo, yatoa makato kwa kila kilo, nayo yajibu 9600 kwa kilo 2, na 0 kwa sifuri. Baba amefurahi, amemwita jirani. Jirani naye amepima kahawa yake katika mizani ya chama, amekuja na karatasi iliyoandikwa kilo 40.5. Binti anaandika 40.5, na mashine inasimama, na kuandika maneno mekundu: neno int halikubali namba yenye nukta. Jirani anatazama kioo, anamtazama binti. Naye binti amevuta kiti karibu, anausoma mstari wa mwisho.